Sina mjomba bandarini, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Makorora, Tanga. Nilimaliza stashahada ya ununuzi na ugavi mwaka juzi. Tangu hapo nimepeleka bahasha bandarini, kiwanda cha saruji Pongwe, kampuni za bomba la mafuta na kila ofisi yenye bango kubwa mjini. Walionijibu ni wawili, wote wakasema nafasi zimejaa. Rafiki zangu wananiambia bila mjomba hupati kitu, na mimi mjomba wa hivyo sina. Baba anauza samaki soko la Deep Sea, mama ana genge la mboga, ukoo mzima hakuna aliyewahi kukalia kiti cha ofisi. Nasikia natakiwa nijuane na watu, lakini nawapataje? Naona haya kuomba-omba. Na hata nikiwajua, nitaonekanaje wakati tuko mamia wenye cheti kilekile? Au nihamie Dar?

Jibu: Marahaba mwanangu. Rafiki zako hawakukudanganya, ila wamekupa nusu ya habari, tena ile nusu inayomkalisha mtu nyumbani.

Kubebwa kupo. Kazi yangu ni kuzitafutia kampuni wafanyakazi, na nimewahi kuletewa jina limeshaandikwa, nikaambiwa nifanye usaili ili faili lionekane limejaa. Sitakuficha hilo. Lakini nafasi nyingi nilizojaza hapa Tanga, hasa za stoo, ununuzi, ofisi za usafirishaji na za mawakala wa forodha, hazikuchukuliwa na mtoto wa bosi. Zilichukuliwa na mtu ambaye palikuwa na mwenzake, mahali fulani, aliyeweza kunieleza jambo moja la kweli kuhusu utendaji wake. Jambo moja tu. Na mtu wa namna hiyo hata wewe unaweza kumpata.

Tazama mambo yanavyokwenda ndani. Chukulia kampuni ya malori yenye yadi nje kidogo ya mji. Karani wa stoo ameondoka. Mwenye kampuni halali usiku, na kinachomkosesha usingizi si nani alipata alama nzuri chuoni. Anawaza matairi, betri na dizeli. Stoo ya malori ina mali ambayo ikitoka mlango wa nyuma leo, kesho imefungwa kwenye lori la mtu mwingine. Karani asiye mwaminifu, au mwaminifu lakini mvivu wa kuandika, anaweza kumtia hasara kubwa kabla ya siku ya kuhesabu mali kufika. Kwa hiyo kabla hata ya kufikiria tangazo, anauliza palepale: jamani, kuna mtu mnamjua? Fundi wa magari, mikono imejaa grisi, hana cheo chochote, anajibu: kuna binti alifanya fildi kule nilikokuwa zamani, yule tairi halitoki mpaka aandike namba ya tairi na namba ya gari. Basi. Maneno hayo yameshazishinda bahasha zote zilizoko mapokezi. Na fundi huyo si mjomba wa binti. Huenda hata jina la baba yake halijui.

Bahasha yako ya kaki ilifika siku ambayo hakuna nafasi. Mlinzi aliipokea, dada wa mapokezi akaiweka kwenye rundo, na nafasi ilipokuja kutokea kulikuwa na rundo jingine juu yake. Hakuna aliyekukataa, kwa sababu hakuna aliyekusoma. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni kuongeza bahasha.

Kuna kitu kimenishtua kidogo kwenye barua yako. Umenitajia cheti, umenitajia ofisi ulizozunguka, umenitajia ukoo. Hukunitajia fildi ulifanyia wapi. Umeacha kazi pekee ambayo kuna mtu mzima aliyekuona ukiifanya kwa macho yake. Huyo msimamizi wako wa fildi, mtunza stoo aliyekutuma uhesabu misumari, dereva uliyekuwa unampokelea mzigo, hao ndio mtaji wako wa kwanza. Nenda kawasalimie. Usiende na bahasha. Mkumbushe msimamizi wewe ni nani na mlifanya nini pamoja, mweleze unatafuta nini, kisha mwombe ruhusa ya kumweka kuwa mdhamini wako.

Nasema ruhusa kwa makusudi. Wengi wanaandika wadhamini watatu mwishoni mwa CV kama mtu anayejaza fomu: mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wa chuo aliyefundisha darasa la watu mia mbili, na mtu mwenye cheo ambaye ni jirani wa shangazi. Mimi huwa nawapigia. Nikimpigia mwenyekiti ananiambia ni mtoto mzuri, ana adabu, wazazi wake nawajua. Alhamdulillahi, lakini mimi natafuta karani. Mwalimu ananiuliza, ni yupi huyo? Yule wa cheo anakasirika kupigiwa simu ya mtu asiyemfahamu. Simu tatu, na mwombaji ameshuka chini badala ya kupanda. Mtunza stoo mwenye elimu ya darasa la saba anayesema "alikuwa anafika kabla yangu, na siku moja alinionyesha hesabu ya simenti imezidi kuliko iliyoandikwa" ananifaa kuliko wote hao.

Sasa watu wapya unawapataje. Wengi huanzia kwa ndugu na marafiki wa karibu, wakikosa hapo wanakata tamaa. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, katika utafiti aliouchapisha miaka ya 1970, aliwachunguza wanaume wenye kazi za kitaalamu na za ofisini katika mji wa Newton, karibu na Boston. Waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu aliwauliza walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara kwa mara, yaani walau mara mbili kwa wiki, walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema ni kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu haihitaji chuo kikuu kuielewa: wanaokaa baraza moja wanajua habari zilezile, na ukimuuliza rafiki yako wa Makorora kuna kazi wapi, atakutajia hukohuko ulikokwishapeleka bahasha. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika kwenye mtandao wa LinkedIn kwa miaka mitano, yakihusisha watu zaidi ya milioni 20, na yakaelekea hukohuko: waliomsaidia mtu zaidi kuhamia kazi mpya ni wale anaojuana nao kwa kiasi, wasio wa karibu sana na wasio wageni kabisa.

Hao ni Wamarekani, na sisi tuko Tanga. Kwa ninavyoona, hapa kwetu habari inasafiri vivyo hivyo, lakini dhamana haisafiri. Mtu mnayesalimiana tu atakwambia kampuni fulani inatafuta karani. Hatakwenda kusema "mchukueni huyu" mpaka awe amekuona ukifanya jambo. Mji wenyewe ni mdogo. Akikusemea halafu ukaharibu, ataulizwa yeye, sokoni ataulizwa, msikitini ataulizwa, kwenye harusi ataulizwa. Kwa hiyo unahitaji watu wa aina mbili, wa kukupa habari na waliokuona kazini, na kazi yako ni kuwageuza polepole wale wa kwanza wawe wa pili.

Wa kukupa habari unao tayari, ila hujawahesabu. Umeniandikia kwamba baba anauza samaki Deep Sea kana kwamba ni kasoro. Wanunuzi wake ni akina nani? Wapo wa mboga ya nyumbani, wapo akina mama wa kukaanga. Muulize kama hakuna mzabuni wa chakula anayelisha kambi ya wafanyakazi, au mpishi wa hoteli za Raskazone, au mama anayepeleka chakula cha mchana kwenye ofisi za karibu na bandari. Mzabuni wa chakula anajua kampuni gani imeongeza watu kabla afisa rasilimali watu hajaandika chochote, kwa sababu sahani zimeongezeka. Sifanyi mzaha. Baadhi ya habari nzuri za ajira nilizowahi kupata zilitoka kwa watu wa chakula na watu wa gereji. Usimtume baba akuombee kazi. Hilo litamtia aibu yeye na kumkwaza mteja. Mwombe akutambulishe tu: huyu binti yangu, amesomea ununuzi, ana maswali mawili matatu angependa kukuuliza. Na mama naye, kwenye genge lake na kwenye kikoba chake kama anacho, ana watu ambao wewe huwaoni.

Halafu ujue mzigo unapita wapi hapa mjini. Umepeleka barua bandarini, bila shaka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Hiyo ni taasisi ya umma na ajira zake zina mlango wake, nitakuja huko. Lakini kazi nyingi zinazoletwa na bandari haziko kwa Mamlaka. Serikali ilitumia shilingi bilioni 429.1 kuiboresha bandari ya Tanga: lango likaongezwa kina, gati zikajengwa zenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13. Zamani meli kubwa ilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari ndipo uletwe nchi kavu, unashikwa mara mbili. Sasa meli inafunga gatini. Na kila meli inayofunga inampa shughuli wakala wa meli, wakala wa forodha, mwenye ghala, mwenye malori, muuza dizeli, mwenye gereji. Kila mmoja wa hao ana karani, na wengi wao ofisi zao hazina bango kubwa. Ndiyo maana hukuzifikia.

Bomba la mafuta ni hivyohivyo. Lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Kila mtu anaiandikia kampuni yenyewe ya bomba, wakati nafasi za mtu wa stoo mwenye stashahada ziko zaidi kwa wakandarasi, na hasa kwa wakandarasi wadogo waliochukua chakula, usafiri, ulinzi na usafi. Tena kazi za ujenzi zina mwisho wake. Mji huu wenyewe una msemo wa waja leo, waondoka leo, na miradi mikubwa haina tofauti na wageni wengine. Ukipata nafasi huko ichukue kwa mikono miwili, lakini jina lako lijulikane pia kwa watakaobaki: saruji Pongwe, chokaa Amboni, maziwa, na mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, ambayo yana karakana na stoo za vipuri ambazo wasomi wa mjini hawazikumbuki kabisa.

Tuje kwenye haya yako. Haya hiyo ni malezi mazuri, usiitupe. Wala sikutumi ukaombe kazi. Ukimwomba mtu kazi na yeye hana ya kukupa, umemweka pabaya; atakukwepa njiani. Ukimuuliza juu ya kazi yake anayoijua, hasa mtu mzima aliyekaa miaka kwenye shughuli hiyo, atakukalisha na kukuagizia chai. Ujumbe uwe mfupi, kwa WhatsApp au meseji ya kawaida, kitu kama hiki: "Shikamoo kaka. Naitwa fulani, binti wa mzee fulani anayeuza samaki Deep Sea, ndiye aliyenipa namba yako. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, fildi nilifanya stoo ya mahali fulani. Nataka kuelewa mzigo wa wateja unavyopokelewa na kutunzwa hapa Tanga. Naomba dakika kumi na tano ofisini kwako, siku itakayokufaa, nikuulize maswali machache. Siji kuomba kazi." Hayo maneno ya mwisho ukiyaandika, yatimize. Ukifika usichomoe bahasha chini ya mkoba. Akitaka CV yako ataiomba mwenyewe.

Uliza mambo ambayo chuoni hawakukufundisha. Ni hati gani ndiyo inayochelewesha mzigo mara nyingi zaidi? Makarani waliopita kwenye ofisi kama hii walishindwa wapi? Kama wewe ungekuwa mimi, ungejifunza nini kwanza ndani ya miezi mitatu? Sikiliza, andika kwenye daftari mbele yake, usiandike kwenye simu maana atadhani unachati. Kabla ya kuaga, muulize kama kuna mtu mwingine anayeona ingekufaa umsikilize, na kama unaweza kusema yeye ndiye aliyekuelekeza. Hapo ndipo mtu mmoja anapokuwa watu watatu.

Kisha rudi. Hapa ndipo karibu wote wanapoanguka. Vijana wengi huja, hushukuru, hupotea, na mara ya pili kuwaona ni siku wanayotaka kitu. Wewe baada ya wiki mbili tatu mtumie ujumbe: ulinishauri nijifunze jambo fulani, nimejifunza, na hiki ndicho nilichokifanya. Mistari minne inatosha. Mtu aliyekupa ushauri ukaufuata anaanza kujiona ana hisa ndani yako, na sasa ana kitu cha kusema mtu akimuuliza. Amekupa kazi ndogo, ukaifanya, ukaleta jibu bila kukumbushwa. Kwa mwajiri huo ni usaili tosha. Watu watano unaowarudia hivyo wanazidi watu hamsini uliowahifadhi kwenye simu. Salamu za Idi na za msiba mpe kila mmoja kwa jina lake. Zile picha za maua za Ijumaa njema zinazotumwa kwa watu mia kwa mpigo, sijawahi kumkumbuka mtu kwa ajili yake, na simu zetu zimejaa.

Kwa vile wewe ni binti, kuna jambo lazima niliseme wazi. Utakutana na wakubwa ambao watasema ofisini hapafai, tuonane hotelini jioni, au nafasi ipo lakini inategemea wewe. Miadi yako yote iwe ofisini, mchana, na mtu wa nyumbani ajue uko wapi. Akisogeza miadi kwenda kwingine, mjibu kwa adabu kwamba utasubiri siku atakayokuwa na nafasi ofisini, na asipoipata mwache. Kudai ngono ili kutoa kazi ni kosa la jinai. Limo katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Hifadhi jumbe zake, usizifute kwa hasira. Na anayekutaka utume hela ya fomu, ya vipimo au ya "kufungua faili" ili upate kazi, huyo hana kazi.

Swali lako la pili, la mamia wenye cheti kilekile. Ni kweli cheti hakitakutofautisha. Kinachotofautisha ni kitu ulichokwishakifanya ambacho wengine wamekisoma tu, na mtu wa fani yako leo ana bahati katika hili. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo imeweka utaratibu wake. Shule ikitaka madawati, hospitali ikitaka vyakula, halmashauri ikitaka vifaa vya ofisi, njia ni hiyo. Asilimia 30 ya ununuzi huo imetengwa kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sasa zunguka Ngamiani uone. Kuna fundi seremala anatengeneza madawati mazuri kuliko yanayotoka mbali, kuna akina mama wa kikundi wanaoweza kupika chakula cha semina, kuna mwenye duka la karatasi na wino. Bidhaa wanazo, mfumo unawashinda: vibali vyao havijakamilika, hawajui kupakia nyaraka, bei wanaweka bila kupiga hesabu ya usafiri na kodi.

Chagua wawili watatu. Kaa nao, wasaidie kukusanya nyaraka, kujisajili, kusoma masharti ya zabuni na kupanga bei. Akaunti iwe yao na nywila iwe yao. Usisaini popote kwa niaba yao na usiwaahidi ushindi. Wanaweza kukulipa kidogo, wanaweza kukupa mboga. Mwisho wake utaingia kwenye usaili na kusema: nimewasaidia wazabuni watatu wa Tanga kujisajili NeST, mmoja alikataliwa mara ya kwanza kwa sababu hii, tukarekebisha hivi. Niamini, msaili atanyanyua macho kutoka kwenye karatasi. Na fundi seremala naye ana wateja maofisini; ukishamsaidia atakusemea bila kutumwa. Sambamba na hilo, fuatilia usajili wako kwenye Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na mitihani yake. Fani yako ni ya bodi, na mwajiri makini atauliza.

CV nayo isikupotezee usiku. Kurasa mbili, namba ya simu inayopatikana, eneo unaloishi, na kila kazi ieleze ulichofanya. "Nilihusika na shughuli za stoo" hakuna anayejua maana yake. "Kila mwisho wa mwezi nilihesabu vipuri, nikalinganisha na leja, nikaandika tofauti na kumkabidhi msimamizi" naelewa, na nina swali la kukuuliza juu yake. Ule mstari wa kwamba wewe ni mchapakazi unayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo ufute, kila mtu anao.

LinkedIn fungua, weka hizohizo habari, picha ya heshima, ufuate kampuni za hapa. Wenye ofisi ndogo za Tanga hutawakuta wengi huko, ila kampuni kubwa zinazotafuta mtu kutoka Dar huangalia. Nusu saa kwa wiki inatosha.

Kazi za serikali na mashirika ya umma, ikiwemo bandari yenyewe, fuata Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Huko kufahamiana hakukusaidii, kuna usaili wa kuandika na watu ni wengi mno. Kinachowaangusha wengi kabla ya usaili ni mambo madogo: majina ya vyeti hayalingani na ya kitambulisho cha NIDA, nakala za vyeti hazijathibitishwa, barua haina saini. Kaa chini siku moja uyasafishe hayo, kisha omba kila nafasi inayokufaa na uendelee na shughuli zako bila kuisubiri.

Kujitolea nakubali, kwa masharti. Makubaliano yaandikwe, muda usizidi miezi mitatu, nauli walau wakulipe, na ujue utagusa kazi gani. Nimeona vijana wanajitolea mwaka na nusu kwa kuwaletea watu chai na kutoa nakala. Hiyo si fildi wala ajira, na ofisi ikishazoea kukupata bure haina sababu ya kukulipa.

Na Dar. Usihamie sasa. Huko wenye stashahada yako wamejaa kuliko hapa, utalipa kodi ya chumba, na hakuna atakayekuuliza wewe ni binti wa nani. Hapa fundi, mzabuni, msimamizi wako wa fildi na wakala mmoja wa forodha wanaweza kukufahamu ndani ya miezi michache. Ukijipa mwaka mmoja kwa bidii ya namna hii na bado pamekuwa pagumu, nenda, lakini kabla hujakata tiketi pale Kange wazungukie wale watu wako watano uwaage na uwaeleze unakwenda kutafuta nini. Baadhi ya ofisi za forodha na usafirishaji za hapa ni matawi. Makao makuu yako Dar. Mwombe kila mmoja jina la mtu mmoja huko na ruhusa ya kumpigia kwa jina lake, na uanze kuwapigia ukiwa bado Tanga, ili ukishuka kwenye basi uwe na miadi ya kesho yake.